Kidonge Chenye Mstari Katikati

Kilikuwa kidonge kidogo, cheupe, kisicho na harufu, chenye mstari katikati. Nani aliyekitia mstari ule? Mpaka leo, na uzee huu, nikimfikiria huyo mtu wa kiwandani huko Ulaya damu inanichemka. Bila mstari ule watu wangekimeza kizima, na labda leo ningekuwa ninaandika habari nyingine. Lakini ukimpa mtu wa kwetu kitu chenye mstari katikati, umemwambia agawe.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa muuguzi katika hospitali ya kampuni ya migodi ya shaba, Kolwezi. Watu waliniita munganga, kama walivyomwita kila mtu mwenye koti jeupe, kuanzia daktari mkubwa mpaka yule wa kufunga vidonda. Nilifanya kazi upande wa wagonjwa wa akili, jengo la mwisho kabisa karibu na ukuta, mahali ambapo wauguzi wenzangu walipelekwa wakikosea kitu. Mimi sikuwa nimekosea. Niliomba mwenyewe. Wenzangu walinicheka, wakasema karibuni nami nitaanza kuzungumza na ukuta. Niliwaacha wacheke. Sikuweza kuwaambia sababu, maana sababu ilikuwa nyumbani kwangu, chumba cha nyuma, mlango umefungwa.

Sababu ilikuwa yaya yangu. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, mwanamke au mwanamume, na wangu alinitangulia kwa miaka mingi. Mama yetu alikufa Tenke nikiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba tangu siku hiyo ulikuwa wa yaya. Aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, pale stesheni treni zilipokuwa zinasimama. Ndoo ile ya munkoyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikavaa koti jeupe.

Alikuwa na tabia moja. Kitu chochote kikiingia mkononi mwake, kiwe bukari, ugali wetu, kiwe kiazi, hata kipande cha sabuni, alikikata kati, akavitazama vile vipande viwili, akanipa kikubwa. Kila mara. Nikikataa alinuna siku nzima. "Weye njo utakomea," alisema, yaani mimi ndiye ninayekua, yeye amekwisha kukua. Wakati huo labda alikuwa na miaka kumi na minne.

Ugonjwa ulimkuta amekuwa mtu mzima, ameolewa. Alianza kusikia treni zikimtaja. Halafu zikaanza kumtukana. Bwana yake alinirudishia yeye na kitita cha nguo, akasimama mlangoni kwangu, akasema, "Kamata mutu yako," akaondoka bila kunywa hata maji. Na Kolwezi treni zinapita asubuhi mpaka jioni na mzigo wa shaba, hebu fikiria mateso yale. Niliziba dirisha lake kwa magunia. Alikula akinipa mgongo, amekumbatia sahani, na kilichobaki alikifunga ndani ya kitambaa cha kichwa. Mtu aliyenipa vipande vikubwa maisha yangu yote sasa ananificha bukari! Nilikuwa natoka nje na kusimama karibu na pipa la maji, nalia kama mtoto.

Bibi yangu wa ndoa alivumilia msimu mmoja wa mvua, halafu akapanda treni kwenda kwao Mutshatsha, na hakuniandikia barua. Simlaumu. Nasema uongo, nilimlaumu sana.

Kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni, nilisema yule ni mjane wa parokia yetu, nimepewa nimhifadhi. Kwa nini uongo huo? Kwa sababu watu wanasema wazimu unatembea katika ukoo, na nani atanyoosha mkono wake achomwe sindano na ndugu wa mwenye wazimu? Tena nyumba ilikuwa ya kampuni. Ukipoteza kazi leo, kesho vyombo vyako viko barabarani. Uongo ulikuwa rahisi kwa sababu ya mambo ya wakati ule: serikali ilituamuru tuache majina ya ubatizo tuchukue ya mababu, na katika pilikapilika ile yaya alichukua jina la upande wa mama, mimi la upande wa baba. Hapakuwa na karatasi hata moja Zaïre nzima iliyosema kwamba sisi ni wa tumbo moja.

Hospitalini tulikuwa na dawa ya zamani. Nilimpa. Ilizima treni, ni kweli, lakini ilimzima na yeye. Aliketi akitokwa mate, mikono inatetemeka, miguu kama magogo. Nikapunguza dawa, treni zikarudi. Nikaongeza, akawa gogo tena. Hivyo tu, mwaka mzima.

Halafu msimu wa ukavu, wakati asubuhi za Kolwezi zina baridi na vumbi jekundu limesimama hewani, akaja daktari mgeni na kasha la chupa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haya, na alituita citoyen, yaani raia, kwa uangalifu kama anayeogopa kutukosea. Alinieleza kwa Kifaransa kwamba ugonjwa wa watu wetu unaitwa skizofrenia, na kwamba amekuja kujaribu dawa mpya, ambayo inatuliza sauti bila kumfanya mtu gogo.

Lakini sikiliza mpango wake. Nusu ya chupa zilikuwa na dawa. Nusu nyingine zilikuwa na vidonge vya bure, unga mtupu, rangi ileile, mstari uleule. Kila chupa ina namba. Yeye mwenyewe hakujua ipi ni ipi, wala mimi, wala mgonjwa. Orodha ya siri ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya kasha la chuma la mkurugenzi wa hospitali. Baada ya miezi sita bahasha itafunguliwa. Ikionekana wenye dawa wamepona kuliko wenye unga, mkurugenzi ameahidi kwamba kampuni itaiagiza dawa ile na haitakosekana tena Kolwezi. Tofauti isipoonekana, basi, kila kitu kinarudi Ulaya.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani: yaya apate dawa ile, imfae, ibaki. Sikutaka cheo, sikutaka bibi mwingine. Hicho tu.

"Kuna sharti," daktari alisema. "Anayenisaidia kazi hii asiwe ndugu wa mgonjwa. Ndugu anaona anachotaka kuona. Citoyen, una ndugu kati yao?"

"Hapana, daktari."

Neno lilitoka jepesi, kama la mtu anayesema amekwisha kula.

Jumatatu tukawakusanya wagonjwa na watu wao kwenye benchi refu la barazani. Alikuwapo mama mmoja wa zile familia za Waislamu wenye malori, watu ambao asili yao ni mashariki, na binti yake mkubwa ambaye alikuwa hasemi na mtu tangu mwaka uliopita. Alikuwapo mchimbaji mmoja na kaka yake. Na mwisho wa benchi, kama mtu asiyenihusu, alikaa yaya. Daktari akaniambia, "Waeleze kwamba wengine watapata dawa na wengine hawatapata, na hakuna ajuaye nani. Waulize kama wanakubali."

Nikageuka kwao. Haki ya Mungu, nilikusudia kusema. Nikamwona yule mama wa malori amemshika binti yake mkono kwa mikono yake miwili, macho yote kwangu. Nitamwambiaje mtu huyu kwamba huenda mwanaye atalishwa unga miezi sita? Na akiniuliza kwa nini, nimjibu nini? Nikasema, "Dawa ni moja. Bote mutakunywa, na Mungu akipenda, bote mutapona. Munakubali?"

Wakapiga makofi. Daktari akashangaa, akafurahi, akasema hajapata kuona watu wanaokubali jambo gumu kwa moyo mwepesi namna ile.

Nyumbani nikamfundisha yaya. "Yaya, ku hospitali hapana kuniita mudogo yako. Useme 'Jambo, munganga,' sawa bale bengine bote." Alinitazama muda mrefu. Sikujua kama amenielewa. Jumatatu iliyofuata aliinua kichwa kwenye benchi akasema, "Jambo, munganga," vizuri kabisa, kwa heshima, kama mtu aliyenifahamu jana tu. Nikaandika namba yake kwenye daftari.

Kidonge kilitakiwa kumezwa asubuhi baada ya uji. Mimi nilitoka kwa king'ora cha kwanza cha kampuni, kabla ya uji, kwa hiyo alimeza peke yake. Jioni nilihesabu vilivyobaki ndani ya chupa. Hesabu ilikuwa sawa, siku zote ilikuwa sawa.

Wiki ya nne nilirudi nikakuta magunia yametolewa dirishani. Alikuwa amefagia. Alikuwa ameketi mlangoni na sufuria ya viazi vitamu, miguu imenyooshwa, na treni ilikuwa inapita kule chini, ndefu, inapiga kelele kama kawaida yake. Hakugeuza hata kichwa. Akachukua kiazi, akakikata kati, akavitazama vile vipande, akaninyooshea kikubwa.

Mawe, mama yangu! Nilikaa chini palepale kwenye vumbi na suruali yangu ya kazi. Nilikula huku nalia, na yeye ananicheka, "Kiazi ni ya moto, ao njo nini?" Alikuwa amepata dawa ya kweli. Sikuhitaji bahasha ya mtu yeyote. Ningeweza kwenda kwa mkurugenzi nikamwambia acha kasha lako lifungwe, mimi nimeona.

Miezi miwili ile ilikuwa mizuri, lakini naomba niseme wazi: ilikuwa pia ya upweke kuliko yote. Yaya alipona akataka watu. Akaanza kwenda kwa yule mama wa malori, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na kambi, akakaa na yule binti, akamsuka nywele. Sahani zikaanza kutembea. Yaya akipeleka sombe, yaani kisamvu, sahani inarudi na wali; kwetu kurudisha sahani tupu ni kumtukana mwenye sahani. Nilikuwa narudi kazini nakuta harufu ya iliki ndani ya nyumba yangu, na kicheko ambacho kimekwisha. Mimi sikuweza kwenda kule kula nao. Ningekwenda kama nani? Munganga hali nyumbani kwa mgonjwa. Siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tulipofyeka majani pamoja mtaa mzima, niliwaona wanawake wale watatu upande wa pili wa barabara wamekaa juu ya kitenge kimoja, na mimi na fyekeo langu tukaendelea kufyeka. Yaya aliniona. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama nilivyomfundisha.

Mwezi wa nne kitu kikaanza kunisumbua. Yule binti wa malori, ambaye nilikuwa nimekwisha kumweka moyoni upande wa unga, akaanza kusema. Maneno machache, lakini alisema. Mchimbaji ambaye hakuwa na nafuu akapata nafuu kidogo. Na yaya, yaya wangu, akarudi nyuma kidogo. Si sana. Treni ikipita sasa alinyamaza katikati ya neno, akangoja ipite, ndipo akamaliza. Nikamuuliza kama anameza kila siku. Akasema anameza. Nikahesabu. Hesabu ilikuwa sawa. Nikajiambia labda mwili unaizoea dawa, na nikajikaza kuamini hivyo, maana nilikuwa nimeishi kwa furaha miezi miwili na sikutaka kuiachia.

Miezi sita ikatimia. Mkurugenzi akaleta bahasha mwenyewe, amevaa abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi. Daktari akaifungua, akakaa na madaftari yangu siku mbili. Siku ya pili, saa ile baruti za mgodini zinapolipuka na madirisha yote ya mji yanatetemeka, akaniita. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Wote wamepata nafuu kidogo," alisema. "Wenye dawa na wenye unga, sawasawa. Hakuna tofauti, citoyen. Dawa hii haina kazi. Nasafiri kesho kutwa."

Haina kazi! Nilirudi nyumbani mchana ule bila kuomba ruhusa, natembea katikati ya barabara na magari yananipigia honi. Nikafungua mlango. Yaya alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na kisahani, na juu ya kisahani nusu mbili za kidonge.

"Hii ni nini?"

"Dawa," akajibu. "Nusu ni yangu, nusu ni ya mutoto ya mama. Leo nilichelewa kumeza."

Nikauliza polepole, maana nilikuwa naogopa jibu. Akanieleza bila kuficha chochote, kama mtu anayeeleza namna ya kupika. Alipopona, aliona yule mama analia, binti yake anameza kila siku lakini haponi. "Na weye munganga njo ulisema dawa ni moja. Basi, kama dawa ni moja, labda ni mukono ya mama njo haina baraka. Nikakata yangu, nikamupa nusu. Mama akakatala kunirudisha mukono mutupu, akakata ya mutoto, akanipa nusu." Ndivyo chupa zote mbili zilivyobaki na hesabu sawa. Halafu kaka yake yule mchimbaji aliwaona kwenye benchi, akaomba naye. Benchi zima likawa linagawana, siku nyingine majumbani, na kila Jumatatu palepale kabla sijafika na daftari. Dawa na unga vikachanganyika, kwa kila mtu.

Nilipiga kelele. Nilimwita yaya yangu mpumbavu, mimi niliyelelewa mgongoni kwake. Nilisema ameniua, amejiua, amewaua wote. Alingoja nimalize. Hakulia.

"Juu ya nini nikule peke yangu?" akaniuliza. "Wakati nilikuwa mugonjwa, njo nilikuwa nakula peke yangu."

Nikamsogezea kisahani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye nyumba ya wageni ya kampuni. Nilijiambia njia nzima kwamba nitasema kila kitu. Daktari alikuwa anafunga masanduku. Nikamwambia kwamba wagonjwa waligawana vidonge. Hakuelewa, nikarudia. Nikamwambia kwamba siku ya kwanza sikutafsiri maneno yake, kwamba nilisema dawa ni moja, kwamba kosa lilianzia kinywani mwangu. Alikaa juu ya sanduku. Heri angenipiga kofi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Basi madaftari haya hayasemi kitu," alisema mwisho. "Si kizuri, si kibaya. Siwezi kuandika kwamba dawa inafaa, siwezi kuandika kwamba haifai. Nani alianza?"

"Mgonjwa mmoja. Mwanamke."

"Aliyepata nafuu mapema? Namba yake naikumbuka. Alikuwa na dawa ya kweli. Akagawa." Akatikisa kichwa, na nadhani alitabasamu. "Ni dalili nzuri ya kupona kuliko zote nilizoandika."

Wakati huo mkurugenzi akaingia kumuaga, akasimama mlangoni na abakosti yake. Nje dereva alikuwa amewasha gari la kumpeleka uwanja wa ndege, kwani safari ilikuwa imewahishwa siku moja. Daktari akafungua sanduku dogo, akanionyesha chupa zilizopangwa ndani.

"Hizi zote ni za kweli, sasa orodha iko wazi. Zinamtosha mtu mmoja mwaka mzima. Nikipata mgonjwa mmoja, mmoja tu, mwenye ndugu anayejua dawa, anayekaa naye nyumba moja, atakayemwangalia akimeza na kuniandikia kila mwezi, nitaziacha hapa. Kwa mtu mmoja ninaweza kuwashawishi wakubwa wangu waanze upya. Sasa si kazi ya siri tena, ndugu anaruhusiwa. Unamjua mtu kama huyo, citoyen?"

Nilimjua. Alikuwa amesimama mbele yake, kalamu mfukoni.

Nilimtazama mkurugenzi. Nikaona nyumba yangu, vyombo vyangu barabarani, na mimi na yaya stesheni ya Tenke na ndoo ya munkoyo. Niliwaza: nikisema, nitakuwa nimeungama uongo mbele ya bosi wangu, nitafukuzwa leo hii, na dawa nitamlindia katika nyumba ipi? Niliwaza pia: labda hatanifukuza. Niliwaza yote hayo, na dereva akapiga honi.

"Hapana, daktari."

Lilitoka jepesi, kama lile la kwanza. Akafunga sanduku. Dereva akalipakia nyuma, chini ya koti la mvua, na gari likapita lango na kupinda kushoto.

Chupa ya yaya ilikuwa na vidonge kumi na kimoja. Alivikata vyote, na sikumzuia tena. Angalau sasa yule mama alikuwa amekwisha kuambiwa ukweli, nilikwenda kumwambia mwenyewe, nikasimama nje ya ua wake kama mwizi. Alinisikiliza. Hakunitukana. Alisema tu, "Umechoka, baba. Nenda kapumzike," na kunipa sahani ya wali iliyofunikwa. Mpaka leo sahani ile sijairudisha.

Vidonge viliisha. Kwanza yaya aliacha kusuka. Halafu akaacha kwenda kule. Siku moja nilirudi nikakuta magunia yamerudi dirishani, ameyafunga mwenyewe kwa waya, kazi nzuri. Nikaandika barua Ulaya, kwa anwani iliyokuwa kwenye kasha la chupa. Niliandika kila kitu, mpaka ndoo ya munkoyo. Kama ilifika sijui.

Ikaja Jumatatu moja ya mvua kubwa. Nilikuwa nimeanza tena kuwapa watu ile dawa ya zamani, na benchi lilikuwa limejaa. Yaya alikaa mwisho, mabega yameinama, kitambaa cha kichwa kimefungwa mafundo kwa sababu ya vyakula alivyoficha ndani. Watu walikuwa wamesogea mbali naye kidogo, kwa adabu. Niliweka daftari chini. Nilikwenda nikaketi kwenye ile nafasi, koti jeupe na yote, mbele ya wauguzi wenzangu waliokuwa mlangoni na mbele ya mtu yeyote aliyetaka kwenda kumwambia mkurugenzi. Nilikuwa na kiazi mfukoni. Nikakikata kati. Nikasema kwa sauti kubwa, maana kama ningesema polepole nisingesema kabisa: "Huyu ni yaya yangu. Tumbo moja. Njo alinikomesha, njo alinibeba mu mugongo."

Hakuna aliyeshtuka. Mama wa malori alinitazama kwa huruma. "Tulijua zamani, baba," alisema. "Kila alipogawa chakula kwangu, kipande kikubwa alikiweka kando. Alisema, hiki ni cha mudogo yangu, eko nafanya kazi mu hospitali, hapana kumwambia kama munajua, atasikia haya."

Benchi zima lilijua. Tangu mwezi wa pili, benchi zima. Mtu pekee niliyemdanganya alikuwa yule daktari mwenye dawa.

Nikamgeukia yaya. Nikamwekea kipande kikubwa katika kiganja chake, nikavifunga vidole vyake juu yake. Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliinua kichwa, akanitazama usoni muda mrefu, kama siku ile nilipomfundisha.

"Jambo, munganga," akasema, na kunipa mgongo, akaanza kula.